Mama Aliyechanika Asiachwe Peke Yake



Mtoto anapozaliwa katika familia zetu, watu huuliza maswali mawili: "Ni wa kike au wa kiume?" na "Mama hajambo?" Jibu la swali la pili huwa fupi: "Hajambo, amejifungua salama." Baada ya hapo kuku anachinjwa, uji unapikwa, na majirani wanaanza kuja na khanga na sabuni kumpongeza mzazi.

Mwezi huu napenda tulitazame neno hilo "salama". Katika miaka mingi ya kazi ya uuguzi na ukunga nimeona kwamba linaficha mengi. Mama yu hai na mtoto yu hai, lakini mama ana jeraha ambalo hakuna aliyemwuliza habari zake, naye anaona haya kulitaja. Jeraha hilo ni kuchanika msamba wakati wa kujifungua.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya hayafai kuandikwa katika gazeti linalosomwa na familia nzima. Nawaelewa. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi naongeza kwamba aliyekwisha kuzaa naye akificha, haponi. Kwa hiyo nitasema wazi, kwa lugha ya heshima, na naomba akina baba nao wasiufunge ukurasa huu.

TUMEPIGA HATUA, LAKINI HAITOSHI

Tumshukuru Mungu kwamba vifo vya akina mama vimepungua. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika muda huo huo, akina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya wameongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Nyuma ya tarakimu hizo kuna watoto wengi ambao leo wana mama wa kuwalea.

Lakini kunusurika si sawa na kupona. Tumejifunza kuhesabu waliokufa na waliobaki hai. Hatujajifunza kuwauliza waliobaki hai kama wanaweza kukaa kwenye kiti bila maumivu, kama wanaweza kuzuia haja, na kama wanaishi vema na waume zao. Maoni yangu ni kwamba uzazi usiitwe salama mpaka maswali hayo yawe yameulizwa na kujibiwa.

MSAMBA NI NINI?

Msamba ni sehemu iliyo kati ya tupu ya mbele, yaani uke, na njia ya haja kubwa. Chini ya ngozi yake kuna misuli inayoshikilia viungo vya nyonga visishuke. Nyuma yake kuna msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa. Msuli huo una tabaka mbili. Tabaka la nje tunalikaza kwa hiari yetu tunapobanwa na choo tukiwa mbali na nyumbani. Tabaka la ndani hukaa limejifunga lenyewe, hata tunapolala, kusudi hewa na choo visitoke bila sisi kujua.

Kichwa cha mtoto kinapotoka, msamba hutanuka sana. Mara nyingi huchanika kidogo. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza kinaeleza kwamba karibu wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, mchaniko au kukatwa. Kwa hiyo mama aliyechanika hakufanya kosa lolote. Katika sehemu nyingine bado watu wananong'ona kwamba mwanamke anayepata shida wakati wa uzazi alitoka nje ya ndoa. Maneno hayo ni ya uongo, tena ni ya kikatili. Yanamfanya mama afiche jeraha kana kwamba ni dhambi.

Wataalamu wameugawa mchaniko katika madaraja manne:

Daraja la kwanza ni ngozi peke yake. Mara nyingi hupona bila kushonwa.

Daraja la pili ni ngozi pamoja na misuli ya msamba. Hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, na akina mama wengi hupona katika wiki chache.

Daraja la tatu limefika kwenye ule msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa.

Daraja la nne limepita msuli huo wote na kufungua ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa.

Madaraja mawili ya mwisho hayatokei kwa wengi. Huko Uingereza hutokea kwa wanawake 6 hivi katika 100 wanaozaa mara ya kwanza, na kwa 2 hivi katika 100 waliokwisha kuzaa kwa njia ya kawaida. Lakini mama mmoja aliyepata mchaniko huo bila kutambuliwa anaweza kuteseka maisha yake yote.

KWA NINI WENGINE HUCHANIKA ZAIDI?

Uzazi wa kwanza una hatari zaidi, kwa kuwa msamba haujawahi kutanuka. Hatari huongezeka mtoto akizidi kilo 4, mabega yake yakikwama, uso wake ukiwa umeelekea mbele badala ya nyuma, mama akisukuma kwa muda mrefu sana, au mtoto akivutwa kwa vyombo.

Kuna pia mambo tunayoyasababisha wenyewe. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinaweza kulifanya tumbo la uzazi libane kwa nguvu kupita kiasi, na msamba usipate nafasi ya kutanuka polepole. Kumkandamiza mama tumboni ili mtoto atoke haraka ni hatari, na Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo. Kumpigia mama kelele "Sukuma! Sukuma!" wakati kichwa kinatokeza ni kumharakisha pale anapotakiwa kwenda taratibu.

Ukeketaji nao una sehemu yake. Kovu halitanuki kama ngozi nzima. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba waliokeketwa walipata matatizo zaidi katika uzazi, kama vile kutokwa damu nyingi na kufanyiwa upasuaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mzazi anayemkeketa binti yake kwa siri anavunja sheria na anamwandalia mateso siku atakapozaa.

MADHARA YASIYOSEMWA

Dhara la kwanza ni damu. Mama akiendelea kutokwa damu nyingi na huku tumbo la uzazi limekaza vizuri, inafaa kutafuta mchaniko mara moja. Mama anaweza kufa kwa mchaniko ambao haukuonekana.

La pili ni maambukizi. Jeraha huvimba, hutoa usaha na harufu mbaya, nyuzi zinaachia, na mama anapata homa. Homa baada ya kuzaa ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni maumivu. Mama hawezi kukaa vizuri kunyonyesha, kwa hiyo mtoto hashiki ziwa sawasawa, na watu wanasema mama hana maziwa. Kumbe maziwa yapo, kinachokosekana ni namna ya kukaa bila kuumia.

La nne ndilo linalonisikitisha zaidi, nalo ni kushindwa kuzuia hewa au choo. Kwanza mama anaona hewa inamtoka mbele za watu. Halafu anaona khanga imechafuka. Hamwambii mtu. Anaanza kuacha safari, anaacha ngoma, anaacha vikao. Kanisani anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na siku nyingine haji kabisa. Wanajumuiya wanasema imani yake imepoa au ana majivuno. Nimewahudumia akina mama waliokaa hivyo miaka mitano, wengine kumi, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake duniani mwenye shida hiyo.

La tano ni ndoa. Kovu linauma, au mama ana hofu. Tena mama anayenyonyesha huwa mkavu ukeni kwa sababu ya mabadiliko ya homoni, na hilo huongeza maumivu. Mume asiyejua sababu anaona amekataliwa. Ugomvi unaanza juu ya jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwa jina.

Naomba hapa tusichanganye mambo mawili. Fistula ya uzazi ninayoisikia ikitajwa redioni mara nyingi hutokana na uchungu wa muda mrefu uliozuilika: kichwa cha mtoto hubana nyama ya mama kwenye mfupa mpaka inakufa, na baada ya siku chache mkojo unaanza kuvuja mfululizo. Mchaniko wa msamba ni jeraha jingine. Lakini mchaniko wa daraja la nne ukiachwa au ukishonwa vibaya nao unaweza kuacha tundu kati ya uke na njia ya haja kubwa. Vyote viwili vina matibabu.

"MBONA MAMA ZETU WALICHANIKA?"

Nimezoea kusikia hoja tatu.

Ya kwanza inasema kuchanika ni kawaida ya uzazi, na mama zetu walichanika wakaendelea kulima. Ni kweli kwamba michaniko mingi ni midogo na hupona. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ile mikubwa hujificha katikati ya midogo. Mama anasema anaumia, anajibiwa kwamba wote huumia. Na kuhusu mama zetu, nani aliwauliza? Wengi walikwenda kaburini na siri hiyo.

Ya pili inasema tukiyataja haya tutawaogopesha wasichana, wakatae kujifungulia hospitali. Mimi naona kinyume chake. Mtu huogopa zaidi jambo aliloficha mwenzake kuliko jambo alilofundishwa. Tena nyumbani msamba huchanika vile vile, na huko hakuna taa, hakuna ganzi wala nyuzi, na hakuna anayejua kutofautisha daraja la pili na la tatu.

Ya tatu inasema basi heri kila mama akatwe kuongezewa njia, au afanyiwe upasuaji wa tumbo. Zamani katika hospitali nyingi za dunia karibu kila mama wa uzazi wa kwanza alikatwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Argentina na kutangazwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kumkata kila mama hakupunguzi michaniko mikubwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kuongeza njia kama desturi kwa kila mama hakufai. Kufanyike pale tu panapokuwa na sababu, kwa mfano mtoto anapochoka na inabidi atoke haraka. Hapo mama aelezwe, apigwe sindano ya ganzi, na akatwe kwa kuelekea pembeni, isielekee moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa. Upasuaji wa tumbo nao ni operesheni kubwa yenye hatari zake kwa uzazi huu na kwa uzazi ujao. Ni zawadi kwa anayeuhitaji, lakini haufai kuwa njia ya kukimbia msamba.

WAJIBU WETU WAUGUZI

Naanza na sisi wenye sare nyeupe, maana aliye na ujuzi ndiye atakayedaiwa zaidi.

Tunaweza kupunguza michaniko. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa kwenye msamba wakati mama anasukuma hupunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne. Hilo halihitaji mashine wala mfadhili. Mkono wa mkunga uuegemeze msamba na kukizuia kichwa kisichomoke kwa ghafla. Mama aambiwe aache kusukuma, ahemehe kwa pumzi fupi fupi, kichwa kitoke taratibu. Aruhusiwe kulala ubavu, kupiga magoti au kuchuchumaa kama anaona nafuu. Na awe na ndugu wa kumshika mkono, kwani kuwa na msindikizaji anayemtaka ni jambo linaloshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na mama aliyetulia humsikiliza mkunga.

Mtoto akishatoka, kila mama akaguliwe, hata yule anayeonekana mzima. Kutazama juu juu hakutoshi. Panahitajika mwanga wa kutosha, glovu safi, na kwa ruhusa ya mama, kidole kimoja kiingizwe katika njia ya haja kubwa ili kuhakikisha kwamba msuli haukukatika. Ni kazi ya dakika moja. Ukikutwa umekatika, usishonwe pale kitandani kwa haraka. Mama azuiwe damu, apewe rufaa, ashonwe katika chumba cha upasuaji na daktari anayejua kazi hiyo, akiwa na ganzi ya kutosha, kisha apewe dawa za kuzuia maambukizi na za kulainisha choo. Kama damu imezuiliwa, kusubiri saa chache kwa ajili ya mtaalamu ni bora kuliko kufunika ngozi juu ya msuli uliokatika.

Na jambo la mwisho: tumwambie mama. "Umechanika hapa, tumekushona hivi, ukiona hivi urudi." Iandikwe kwenye kadi yake. Mama aliyepata daraja la tatu au la nne ana haki ya kujua, kwa sababu katika mimba itakayofuata atahitaji kuzungumza na daktari mapema kuhusu namna ya kujifungua.

Najua hali yetu. Usiku mmoja muuguzi mmoja ana akina mama watatu katika chumba cha kuzalia, umeme umekatika na nyuzi zimekwisha. Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kamati za afya za zahanati na vituo: mnapokaa kupanga bajeti, ulizeni kama chumba cha kuzalia kina taa nzuri, ganzi na nyuzi zinazoyeyuka. Mara nyingi tunajadili rangi ya ukuta na geti, na hayo matatu hayatajwi.

NYUMBANI: TURUDISHE AROBAINI

Wazee wetu walikuwa na hekima ya arobaini. Mzazi alikaa ndani siku arobaini, akapikiwa, akafuliwa, asibebe mzigo. Sayansi nayo inahesabu wiki 6, yaani siku 42. Hawakupishana sana. Siku hizi naona mzazi wa wiki moja ana ndoo kichwani na jembe mkononi. Mama mkwe, nawe uliyekuwa mzazi, msaidie. Arobaini ya mkweo ni dawa ya msamba wake.

Hata hivyo, katika desturi zetu yapo ya kurekebisha. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni desturi ya upendo, lakini maji yanayochoma yasimwagwe wala kukandwa kwenye jeraha lililoshonwa, maana yataunguza na kulifumua. Siku za kwanza, kitambaa safi chenye maji ya baridi huondoa uvimbe vizuri zaidi. Parasetamoli husaidia maumivu na haimdhuru mtoto anayenyonya. Mama anawe kwa maji safi kila anapotoka chooni, akijifuta kutoka mbele kwenda nyuma, na abadilishe pedi au vitambaa mara kwa mara. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, visifichwe uvunguni kwa aibu. Asiweke majani, shabu, tumbaku wala dawa kali ya kuua vijidudu. Shabu inayosemwa kuwa inabana uke inauchubua na kuukausha tu.

Chakula nacho ni muhimu. Mtori na uji ni vizuri, lakini mzazi anahitaji pia mboga za majani, maharage, papai na maji mengi ili choo kisiwe kigumu. Mama mwenye nyuzi akiogopa kwenda chooni, choo kinazidi kuwa kigumu na jeraha linaumia zaidi.

Yule anayeona mkojo au hewa inamtoroka ajizoeze kukaza misuli, kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja. Akaze, ahesabu polepole hadi 5, aachie. Arudie mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3. Anaweza kufanya hivyo akiwa anachambua mchele, na hakuna atakayejua. Lakini asitegemee zoezi peke yake. Aende akapimwe.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, mkeo hakukuchoka. Ana kidonda mahali pa uchungu kuliko pote. Tendo la ndoa lisubiri mpaka jeraha lipone, damu ikome na yeye mwenyewe awe tayari, na ni vema apimwe kwanza katika wiki ya sita. Akisema anaumia, simama. Usimwambie muuguzi "mkaze kidogo" anapomshona. Kushonwa kupita kipimo humletea mke maumivu ya miaka, na anayeshona hana haki ya kukubali ombi hilo. Na akikwambia kwamba choo kinamtoroka, usimrudishe kwao. Mpeleke hospitali. Uliahidi kuwa naye katika ugonjwa pia.

DALILI ZA KURUDI HOSPITALI HARAKA

Mzazi arudi bila kungoja tarehe ya kliniki akiona mojawapo ya haya:

Damu nyingi inayolowesha pedi haraka haraka.

Homa au baridi ya kutetemeka.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au uvimbe unaokua.

Usaha, harufu mbaya, au nyuzi kuachia.

Mkojo, hewa au choo kutoka bila hiari yake, au choo kutokea ukeni.

Na hata kama hana dalili yoyote, Shirika la Afya Duniani katika maelekezo yake ya mwaka 2022 linashauri mama aonwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Kliniki zetu humpima mtoto uzito na kumchanja, kadi yake ikajaa. Mama aliyembeba mara nyingi haulizwi neno. Mama, usingoje kuulizwa. Sema: "Naomba na mimi niangaliwe mshono wangu."

KWA ALIYEKAA NA SHIDA HII MIAKA MINGI

Labda unasoma haya na mtoto wako sasa yuko darasa la nne. Bado hujachelewa. Msuli uliokatika zamani unaweza kutengenezwa, na tundu linaweza kuzibwa. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, ueleze wazi, uombe rufaa. Hospitali kama Bugando mjini Mwanza, KCMC mjini Moshi na CCBRT jijini Dar es Salaam zina historia ndefu ya kuwatibu akina mama wenye majeraha ya uzazi. Tangu mwaka 2013, tarehe 23 Mei kila mwaka dunia huadhimisha siku ya kutokomeza fistula ya uzazi. Siku hiyo ingefaa WAWATA katika parokia zetu wamwalike mkunga baada ya Misa, akina mama wakae naye bila haraka na kuuliza wanayoyaogopa.

Nawaachia kazi moja ndogo. Katika mtaa wako au jumuiya yako yupo mama aliyejifungua miezi hii. Ukienda kumwona, mpongeze, mshike mtoto, halafu mkiwa wawili tu umwulize kwa upole: "Unakaa vizuri? Choo unakizuia? Umerudi kuangaliwa?" Akisita kujibu, usimlazimishe. Mwambie utamsindikiza siku yoyote atakayokuwa tayari, na nauli ikiwa tatizo, mwambie mwenyekiti wa jumuiya. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini mwenye rafiki wa kumsindikiza hana haja ya kuficha.